Migomba Viziwi

Anaeli alipanda kilima na mkungu mmoja wa ndizi, na alivyoushika kwa vidole viwili ungedhani ni kuku aliyekufa kwa kideri. Alimkuta shemeji yake, Ndewario, amekaa kwenye gogo mbele ya lango lake lililofungwa mnyororo, ananoa mundu ambao tayari ulikuwa mkali.

"Tazama," akasema, akautupa mkungu miguuni pake.

Ndizi zilikuwa kama vidole vya mtoto mchanga. Nyembamba, ngumu, zimejikunyata zenyewe kwa zenyewe kana kwamba zinaona aibu.

"Nimeona."

"Hujaona, umetupa jicho tu. Hizo ndizo zilizokuwa afadhali, shemeji. Kule chini kwa kina Mosha hata hizo hawana. Majani mapya yamechomoza yakakwama, yamejiviringa kama miavuli iliyofungwa. Watu wanakata mashina wanachemsha, wanagawana na ng'ombe wao."

"Waambie Mamlaka."

"Mamlaka wanasema mlingoti uko kwako."

"Basi hapo hawajadanganya. Uko kwangu."

Nyuma yake mlingoti ulisimama katikati ya kihamba, shamba lake la ukoo, mweupe, mrefu kuliko miti yote ya migrivea, na juu yake kichwa chenye matundu kama bomba la kuogea. Ulijengwa pale kwa sababu upepo wa asubuhi huteremka kutoka mgongo ule wa kilima na kupita juu ya kijiji kizima. Walipokuja kuusimika walimwambia Ndewario kwamba ni heshima kubwa. Heshima yenyewe ilimlia robo ya shamba.

Zamani mgomba ulikuwa unakua wenyewe. Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanakucheka usoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa: kwenye ncha ya kila mmea kuna kitu kinatengenezwa, wataalamu wanakiita oksini, kinateremka ndani ya shina na kuuambia mmea refuka hapa, tulia pale, toa mzizi kule. Kisha ikaja Mamlaka ya Ukuaji. Ikasema migomba ya mshare ina ugonjwa, ikang'oa yote, ikagawa miche mipya mizuri ya kijani kibichi. Ndewario aliishia darasa la nne na maelezo ya kwenye mkutano yalimpita juu ya kichwa, ila baadaye alielewa kwa namna yake. Mche mpya ulikuwa umezibwa masikio. Ulitengeneza oksini yake kama kawaida lakini haukuisikia. Ulichosikia ni dawa iliyopulizwa na mlingoti, basi. Mlingoti ukipuliza, kilima chote kinakua. Mlingoti ukinyamaza, kilima chote kinasimama kama askari. Faida yake, walisema, ni kwamba mikungu yote itakomaa wiki moja na malori hayatarudi nusu matupu. Kwa hiyo shida ya lori ndiyo iliyotibiwa. Shida ya mkulima ilikuwa bado inafanyiwa utafiti.

Halafu ikaja ile alasiri. Haikaeli, mke wa Ndewario, alikuwa chini ya migomba akikata majani ya ng'ombe, anaimba kwaya ya Jumapili kwa sauti yake mbovu. Mgomba wenye mkungu ukajikunja katikati, taratibu kabisa, kama mtu anayepiga magoti, ukamwangukia shingoni. Mwingine ukafuata, na mwingine. Mamlaka walikuja kesho yake na shada la maua ya plastiki na taarifa iliyosomwa kaburini mbele ya watu: upepo mkali usio wa kawaida.

Hapakuwa na upepo. Moshi wa jikoni kwake siku ile ulikuwa umenyooka.

Matanga yalipokwisha Ndewario alifunga lango kwa mnyororo wa ng'ombe. Sheria ya Vihamba inasema kwenye kihamba chenye kaburi haliingii jicho la serikali bila ruhusa ya mwenyewe. Ilipitishwa baada ya watu kupigana na askari huko upande mwingine wa mlima, na ndiyo sheria pekee iliyowahi kumfaa maisha yake yote. Mlingoti ukapuliza mpaka chupa yake ya dawa ikaisha. Ukanyamaza. Mvua zikaja zikapita, kijani hakikuongezeka hata kidogo.

"Waje waseme ukweli," Ndewario alisema. "Nitafungua siku hiyohiyo."

"Hawatasema."

"Basi wasiingie."

Anaeli akachuchumaa mbele yake ili amtazame machoni. Alikuwa na macho ya dada yake, na hilo Ndewario hakulipenda siku zile.

"Unadhani umefiwa peke yako? Yule alitoka tumbo moja na mimi. Nimelia mpaka sauti imekauka. Lakini wanangu hawali kilio, shemeji. Na hao unaowakomoa hawana njaa, wanakula mjini. Kila siku mnyororo huo unapokaa hapo, tunaokabwa ni sisi."

Ndewario akaendelea kunoa mundu.

"Usinoe tena, utaumaliza," Anaeli alisema kwa uchungu, akainuka. Kisha akageuka kutazama barabara. "Gari."

*

Gari lilikuja lenyewe, halina dereva, likasimama mbali kidogo na matope kana kwamba nalo lina viatu vizuri. Wakashuka wawili. Wa kwanza alikuwa Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Kileo, mtu wa tumbo na tai, yuleyule aliyesoma taarifa ya upepo pale kaburini. Wa pili alikuwa binti mwembamba mwenye buti za mpira, amebeba sanduku la vifaa na chupa nene ya dawa. Jina lake lilikuwa kifuani: Mhandisi Sekela. Kileo alikata kona akaelekea kwenye uzio wa barabarani, akainama, akafanya mambo yake kidogo, halafu wakapanda wote hadi langoni.

"Shimboni, meku!" Kileo alipaza sauti. Salamu kwa mzee ilikuwa ya Kichaga lakini imetoka mdomoni mwake kama imeazimwa.

Anaeli ndiye aliyeitika, kwa ajili ya adabu tu.

Ndipo Kileo alipotoa mkono nyuma ya mgongo. Alikuwa ameshika tawi la isale, la kijani, majani marefu, bado linatoka maji pale lilipokatwa.

Mlima mzima unajua maana yake. Mtu akikujia na isale mkononi anaomba msamaha, na hata kama amekuchomea nyumba humfukuzi. Unamsikiliza. Anataja kosa lake, na akishalitaja, unalipokea isale. Wazee walimaliza vita vya koo kwa jani hilo. Ndewario alikuwa amejiandaa kwa askari, kwa wanasheria, kwa matusi. Kwa isale hakujiandaa.

Saa ya mkononi mwa Kileo ikanong'ona kwa sauti ya kike yenye malezi mazuri: "Shika kwa mikono miwili. Inama kidogo."

Kileo akashika kwa mikono miwili. Akainama kidogo.

"Mbee, bwana mkubwa," alisema Ndewario polepole, "hayo mambo ya babu yako umeulizia kwenye saa?"

"Meku, mimi ni Mchaga kamili. Nimekulia mjini tu."

"Saa ndiyo iliyokulia huku?"

Anaeli alicheka, halafu kicheko kikakatika ghafla, kama kimekanyagwa. Alikuwa anatazama tawi. Chini ya majani, kwenye shina, palifungwa kipande cha kitenge cha buluu. Alikifunga yeye mwenyewe, siku ya matanga, kimechanwa kutoka kwenye kitenge alichopenda dada yake.

"Hilo umelikata wapi?" Anaeli aliuliza.

"Hapo chini, kwenye uzio. Yako mengi, msijali. Na hili lilikuwa limeshapambwa kabisa."

Haikaeli alizikwa karibu na uzio kwa sababu alipenda kuona wapita njia na kuwauliza wanatoka wapi. Kila aliyezaliwa kilimani pale alijua masale yale yamesimama juu ya nini. Mtoto wa miaka mitatu angepita mbali.

"Mungu wangu," alisema Anaeli. "Amekata kaburini."

Kileo akalitazama tawi, kisha uzio, kisha saa yake, kana kwamba atapata msaada.

"Samahani," saa ikasema, "sijaelewa swali."

Ndewario alisimama. Mundu ulikuwa mkononi na hakukumbuka kuuweka chini. Kileo akarudi nyuma hatua, kiatu kikazama kwenye matope.

"Sikujua, meku. Wallahi sikujua. Nitaleta jingine."

"Usilete jingine. Umeshalileta." Sauti ya Ndewario ilikuwa chini sana. "Umekuja kwangu na jani la mke wangu. Sawa. Sasa taja kosa."

"Nimekuja kwa niaba ya Mamlaka kutoa pole kwa msiba mzito ulio…"

"Pole tuliipata kwenye matanga, na wali tukala. Mwenye isale anataja kosa. Taja."

"Ajali iliyosababishwa na hali ya hewa…"

"Taja."

Kileo alijifuta jasho. Akasogea, akashusha sauti kama watu wawili wanaoelewana. "Meku, kuna mambo mtu wa nafasi yangu hawezi kuyatamka. Yakitamkwa yanakwenda mahakamani. Lakini mimi na wewe, kiutu uzima, tunajua. Si inatosha tukijua?"

"Mimi ninajua tangu siku ileile. Nataka wewe ujue."

Huko bondeni ng'ombe mmoja alilia, kilio cha mnyama aliyelishwa mashina matupu. Anaeli alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono miwili, wala hakumtazama Kileo, alimtazama shemeji yake, na Ndewario aliona bila kuambiwa kwamba anamwombea aseme ndiyo, kwa pole ile ile mbovu, kwa chochote, ili mlango ufunguke. Hicho ndicho kilichomkera kuliko yote. Wakubwa hawakuhitaji kusema ukweli. Walihitaji tu kusubiri njaa iwasemee.

Sekela aliweka sanduku chini. Akanyoosha mkono, akalichukua tawi kutoka mikononi mwa Mkurugenzi wake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mhandisi," Kileo alisema.

"Mimi natoka Mbeya, baba," Sekela alimwambia Ndewario, "mila zenu sizijui. Lakini nikiwa nimelishika mimi, nataja mimi, si ndiyo?"

Anaeli ndiye aliyesema, "Ndiyo."

"Kwenye seli ya mgomba kuna jeni zinazoitikia oksini. Hizo ndizo za kukua. Juu yake imekaa protini ya kuzuia, kama huo mnyororo wako ulivyokaa langoni. Oksini ikifika inakinasa hicho kizuizi, kinatiwa alama, kinabomolewa, jeni zinaamka. Zikiamka, kuta za seli zinalegezwa ili seli ivutike. Ndiyo kurefuka kwenyewe. Sisi tuliweka kizuizi kinachosikia dawa yetu tu. Sasa, mmea una jeni nyingine pia. Oksini ikizidi, hizo zinaamka kuifunga, kuiweka kando, mmea usidhurike. Ni breki. Tulizizima. Dawa ilikuwa inapotea humo na dawa ni ghali."

"Mhandisi Sekela, unaongea siri za ofisi."

"Siku ile tulipigiwa simu kwamba wanunuzi wanataka mikungu minene kabla ya lori la Ijumaa. Nikaagizwa niongeze. Nilisema mashina hayatabeba. Nikaagizwa tena. Kitufe kilikuwa mkononi mwangu, baba. Niliongeza. Kuta zililegea kupita kiasi, mashina yakawa kama mshumaa uliosahauliwa juani, na mama alikuwa chini yake." Akalishika tawi kwa mikono miwili bila kuambiwa na saa. "Hapakuwa na upepo. Niliua mimi. Naomba msamaha."

Ndewario alikuwa amelingoja neno lile kwa muda mrefu hata akawa analiota. Hapakuwa na upepo. Katika ndoto lilitoka kwenye mdomo wa mtu mnene mwenye tai, na baada yake yeye Ndewario alicheka, akamtemea mate, akafunga lango tena. Sasa limekuja, kamili, halina upungufu, na limekuja kupitia mdomo usio wa Kileo. Binti huyu alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe. Na alikuwa ameshika isale, na ametaja, na mbele ya shahidi.

Hasira aliyomwekea Kileo hakujua aipeleke wapi.

"Lete," alisema. Akalipokea tawi juu ya mnyororo. Hakusema amesamehe, kulipokea ndiko kusema. Kisha akafungua kufuli.

Kileo akapumua kwa nguvu na kupiga hatua ya kuingia. Mundu ukapita mbele ya tai yake, bila haraka.

"Wewe hujataja kitu," alisema Ndewario. "Kaa hapo na saa yako."

*

Sekela alibadilisha chupa, akafunga komeo la chuma chini ya mlingoti, akatoa kifaa chake cha kuendeshea. Ndewario alimwonyesha kwa ncha ya mundu sehemu moja kati ya migomba, penye majani makavu.

"Washa ukiwa umesimama pale."

Binti alielewa ni nani aliyeangukiwa pale. Akaenda, akasimama, mikungu midogo ikining'inia juu ya kichwa chake, akabonyeza.

Mlingoti ukapumua. Harufu tamu kidogo, kama ya tango lililopasuliwa, ikashuka. Hakuna kilichotokea, halafu shina moja likatoa mlio, kama mbao mpya inapokauka. Ndewario alilitazama shina lile. Na kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, alitamani lianguke. Alilitamani kwa moyo wote, ili upande wa pili nao upate kaburi, ili mtu huko mjini asome taarifa kuhusu upepo na mama wa Mbeya aisikilize.

Shina halikuanguka. Juu yake jani lililokuwa limejiviringa miezi na miezi likaanza kulegea, likajizungusha polepole, likafunguka lote, pana, laini, linang'aa. La jirani likafuata. Kilima kizima kikaanza kusugua na kupasuka, kutoka juu kwenda chini, na kabla chai haijaweza kupoa bonde lilikuwa limebadilika rangi.

Sekela alikuwa analia, mikono imening'inia. Hakusogea pale alipo mpaka Ndewario alipomwashiria.

Vigelegele vilianza chini kwa kina Mosha. Vikapanda, nyumba kwa nyumba, watu wakatoka hadi barabarani, na barabarani walimkuta nani? Walimkuta Bwana Kileo, kando ya gari lake. Wakamshika mkono. Mama mmoja alimvisha mgolole. Wimbo uleule aliokuwa akiuimba Haikaeli kwa sauti mbovu, kikundi cha kwaya sasa kikamwimbia yeye kwa sauti nzuri. Naye Kileo akawapungia, akasema Mamlaka inawajali, akasema tatizo la kiufundi limetatuliwa. Anaeli alisimama katikati yao na mdomo wake umefungwa, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya huzuni tu. Ndewario hakumlaumu. Watoto wake wangekula.

Kileo alipopata nafasi alirudi langoni, mgolole begani.

"Mhandisi, kabidhi kifaa na funguo. Ulichosema hapa umekisema wewe, ofisi haimo. Kuanzia sasa mlingoti huu utapata mtu mwingine." Akamgeukia Ndewario kwa tabasamu. "Kijana mzuri, meku. Msikivu sana."

Sekela alianza kufungua mkanda wa kifaa. Hakubisha, ilionekana alishajua hata kabla hajalishika tawi.

Ndewario aliwaza juu ya huyo kijana msikivu. Angepigiwa simu, angeongeza. Hangejua pale penye majani makavu ni wapi. Aliwaza vilevile juu ya binti huyu kupotea kabisa, asimwone tena maishani, na jambo hilo lilimpendeza sana, lilikuwa ndilo pumziko lenyewe. Angeweza kukaa kimya tu, na lingekuwa lake.

"Chupa moja inachukua muda gani?" aliuliza.

"Mwezi, baba."

"Mkurugenzi. Sheria ya Vihamba inasema ruhusa anatoa nani?"

Tabasamu la Kileo lilipungua. "Mwenye kihamba."

"Na anampa mtu au anaipa ofisi?"

Kileo akaitazama saa. Saa, kwa mara hii, ilijua. "Ruhusa hutolewa kwa mtu kwa jina lake," ilisema kwa adabu yote.

"Nimempa huyu. Akija mwingine atakuta mnyororo, na hao wanaokuimbia hapo chini uwaeleze wewe."

Huko barabarani kwaya ilikuwa imefika kwenye pambio. Kileo alisimama kidogo, akavua mgolole kana kwamba umeanza kumwasha, akateremka kwenye gari lake bila kuaga. Gari likaondoka lenyewe kama lilivyokuja, likamwacha mhandisi wake kilimani.

Sekela alikuwa bado ameshika mkanda wa kifaa. Alimtazama yule mzee, tawi la isale mkono mmoja, mundu mkono mwingine, na hakujua ni upi kati ya mikono hiyo uliokuwa umemwokoa.

"Ahsante, baba."

"Mimi si baba yako." Ndewario alikuwa ameanza kuzungusha mnyororo langoni, na alisema bila kugeuka. "Mwezi ujao ukija, simama nje upige hodi mpaka niitike. Siku ile ya Haikaeli hamkupiga."